Siku moja maishani mwangu: taa 14 za bustani na waya uliokuwa chini yake

Saa 11:30 alfajiri

Naishi Ukunda, pwani ya Kenya, kazi yangu ni stima, na riziki yangu kubwa inatoka nyumba za wageni za Diani. Leo naenda kurekebisha taa za bustani za volti 12. Mama mwenye nyumba alinipigia wiki iliyopita akilalamika kwamba taa za karibu na jikoni zinawaka vizuri, lakini ukishuka kuelekea baharini zinazidi kufifia, na tatu za mwisho zinapepesa tu. Alikuwa amebadilisha balbu mara mbili. Nikamwambia, "Mama, usinunue balbu nyingine. Ngoja nije na mita ya kupima volti."

Juzi jioni nilipita nikapima. Kwenye transfoma, kile kifaa kinachoshusha stima ya ukutani iwe volti 12, nilipata volti 11.9. Kwenye taa ya mwisho, mita 48 mbele, nilipata 8.1. Balbu hazikuwa na kosa lolote.

Saa 12:15 asubuhi

Kibandani, mahamri na mbaazi, daftari mbele yangu. Hesabu hii naipenda, na nataka kila mwenye bustani aielewe kabla hajampa fundi pesa.

Taa 14 za wati 5 ni wati 70. Kwa stima ya ukutani ya volti 240, wati 70 zinavuta ampea (kipimo cha wingi wa umeme unaopita kwenye waya) 0.3 tu. Kwa volti 12 zinavuta karibu ampea 6, yaani mara 20. Waya uleule sasa unakula volti mara 20 zaidi, na volti zenyewe ulizo nazo ni pungufu mara 20. Zidisha: hasara, ukiilinganisha na ulichonacho, ni mara 400. Ndiyo maana waya wa 1.5, yaani wenye unene wa milimita za mraba 1.5, unaowasha taa za nyumba nzima bila shida unashindwa na bustani.

Kujua utapoteza kiasi gani, chukua urefu wa kwenda na kurudi kwa mita, zidisha kwa ampea, zidisha kwa 0.0175 ambayo ni namba ya ukinzani wa shaba, kisha gawanya kwa unene wa waya kwa milimita za mraba. Wengi husahau kurudi. Mita 32 za mtaro ni mita 64 za njia ya umeme.

Mimi nataka hasara isizidi volti 0.6, ambayo ni asilimia 5 ya 12. Taa za mwisho kwenye lango la bahari ni 5, wati 25, ampea 2.1. Kwa mita 32, waya wa 1.5 unakula volti 1.6. Wa 2.5 unakula 0.9. Wa 4 unakula chini kidogo ya 0.6. Basi, lango la bahari ni waya wa 4, na sitaki mjadala.

Na kwa nini mita 32 badala ya 48? Kwa sababu transfoma naihamisha. Ilikuwa ukutani jikoni, kwenye ncha ya bustani. Naipeleka stoo ya pampu ya maji, ambayo iko katikati, ina paa, na soketi yake tayari inalindwa na RCD ya miliampea 30, swichi inayokata stima ikianza kuvuja. Mita 16 zimepungua bila kununua chochote.

Saa 2:00 asubuhi

Hadiwea. Hapa nachukua muda wangu. Mwenye duka ananifahamu, anajua nitakwangua.

Natoa kisu, nakwangua uzi mmoja wa shaba taratibu. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, kwa hiyo waya ulioandikwa 4 unakufanyia kazi ya 2.5 hivi. Ubaya wake mkubwa zaidi uko huku kwetu: chumvi ikishaingia kwenye mkwaruzo, alumini iliyogusana na shaba huliwa haraka sana, na baada ya muda unachimba unakuta ganda tupu lenye unga mweupe. Rola ya kwanza aliyonipa ilikuwa nyepesi mkononi. Nikakwangua, nyeupe. Nikairudisha bila maneno mengi, akaleta nyingine. Hii ya pili ni nyekundu mpaka ndani, na ina uzito wa shaba.

Nachagua waya wa nyuzi nyingi, kwa sababu unapinda vizuri kuzunguka mawe na haukatiki ukikunjwa. Ganda la nje liwe jeusi na la kazi ya nje. Lile jeupe la ndani ya nyumba hupasuka juani.

Nimechukua wa 4 kwa lango la bahari, wa 2.5 kwa njia ya miguu na kwa minazi, na paipu nyeusi ya maji ya milimita 25 ya kupitisha waya pale gari linapokatiza. Vipande vifupi vya kuingia kwenye kila taa ya lango nimetumia waya wa boti, shaba iliyopakwa bati, niliouagiza Mombasa. Ni ghali, lakini ni mita chache na ndizo zinazopigwa na upepo wa bahari.

Nikiwa kaunta, jamaa mmoja ananionyesha kijitabu cha taa alizoletewa kutoka Marekani. Kimeandikwa tumia waya namba 12. Anadhani ni mnene kuliko namba 10. Kwao ni kinyume, namba ikipungua waya unanenepa. Namba 12 ni kama milimita 3.3 za mraba, kwa hiyo nikamwambia achukue wa 4 wetu.

Saa 3:30 asubuhi

Tumefika, mimi na kijana ninayemfundisha kazi. Barabarani mbega walikuwa wanavuka juu ya madaraja yao ya kamba, na yeye bado hachoki kuwatazama.

Tunachimba waya wa zamani. Huyo aliyeulaza sitamsema, lakini kazi yake nataka ionekane. Waya mmoja wa 1.5 umepita taa zote 14 kama shanga kwenye uzi. Kila kiungo kimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu. Nikafungua kimoja: kutu ya kijani. Nikachuna ganda nyuma ya kiungo, shaba ni nyeusi kama mkaa, kwa sababu maji yanapanda ndani ya ganda kama mafuta kwenye utambi. Volti 12 haikurushi ukiigusa, lakini kiungo kibovu namna hiyo kinapata moto, na watoto wa wageni wanacheza hapo.

Saa 4:30 hadi 7:00 mchana

Mitaro. Ardhi ya Diani inakudanganya, shibiri moja ya udongo na chini yake ni jiwe la matumbawe. Mzee wa bustani katuletea mtaimbo wake. "Mwanangu, hapa jembe halina kazi," akasema, akatuonyesha upande ambao jiwe limekwenda chini. Yeye ndiye niliyemuuliza maswali mengi kuliko mwenye nyumba: wapi unalima, wapi unapanda maua, wapi unachimba kila mvua za masika zikikaribia? Jembe ndilo adui mkubwa wa waya wa bustani. Pale anapolima tumeshuka sentimita 40 na kuweka paipu. Kwingine sentimita 20 zimetosha, mchanga laini chini na juu ya waya ili jiwe lisilichubue ganda. Mtaro wa stima ya 240 unaoenda kwenye pampu tumekaa mbali nao. Hizi mbili sizilazi pamoja kamwe.

Minazini waya unabaki ardhini mpaka shinani. Kima wakiona kitu kinaning'inia wanakivuta.

Saa 8:00 mchana

Wali, samaki wa kupaka, dakika 20.

Saa 8:30 hadi 11:00 jioni

Kuunganisha. Kutoka transfoma zinatoka njia tatu, kila moja na fyuzi yake ya ampea 5: njia ya miguu taa 5, minazi taa 4, lango la bahari taa 5. Kila njia inaishia kwenye kisanduku kimoja katikati ya kundi lake, na hapo kila taa inapata kipande chake kifupi. Hivyo taa za kundi moja zinapata volti karibu sawa, hakuna ya kwanza wala ya mwisho.

Viungo vyote vinabanwa kwa koneta za shaba zilizopakwa bati, juu yake mrija wenye gundi unaosinyaa kwa moto, kisha kisanduku kinajazwa jeli. Kijana wangu ameuliza kwa nini yote matatu. Nikampa kile kiungo cha kijani cha asubuhi akishike.

Mama akaja akiomba taa za lango zielekezwe ufuoni, wageni waone mawimbi usiku. Hapo nilimkatalia kwa heshima. Vifaranga vya kasa wakitoka mchangani hufuata upande wenye mwanga, na mwanga wa asili usiku uko baharini. Ukiweka taa wanageuka, wanakuja bustanini na kufa. "Mama, nitaziinamisha zimulike ngazi tu, na nitaweka za rangi ya kaharabu." Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya fundi, fanya hivyo. Sikujua."

Saa 1:00 usiku

Tumewasha. Njia ya miguu 11.5. Minazi 11.6. Lango la bahari 11.3, 11.3, 11.3, 11.3, na moja 10.4.

Macho hayawezi kuona tofauti hiyo. Kijana akasema zote zinawaka sawa, na kweli zinawaka sawa, leo. Lakini volti 0.9 kupotea kwenye mita tatu za waya ni kiungo. Nikarudi kisandukuni kwa tochi, nikafuta jeli, nikakata mrija. Ni koneta niliyobana mimi mwenyewe alasiri: ilikuwa imeuma ganda la waya badala ya shaba, nyuzi chache tu ndizo zilizogusa. Nimekata, nimechuna upya, nimebana, nimevuta kwa nguvu mara mbili, nikafunga.

Saa 1:40 usiku

11.3.

Nimeandika vipimo vyote 14 kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko cha transfoma, na tarehe, na ramani ya mitaro kwa hatua kutoka ukuta wa stoo. Mzee wa bustani ameomba nimchoree na yeye nakala, aiweke pamoja na jembe lake.