Itikadi haikai jukwaani tu

Ukitaja itikadi, wengi huwaza chama, bendera na hotuba. Kumbe huko ndiko isikotisha sana, maana msikilizaji anajua kabisa kwamba anashawishiwa. Inashika zaidi kwenye vitu ambavyo hakuna anayevibishia: kalenda, takwimu, kichwa cha habari.

Chukua wiki. Mwaka na siku tunapewa na mwendo wa dunia, lakini hakuna kitu angani kinachodai siku ziwe saba. Wanamapinduzi wa Ufaransa mwaka 1793 waliweka wiki ya siku 10, Jumapili ya Kanisa ikafutwa. Hesabu ilimwumiza mfanyakazi: pumziko moja kila siku 10 badala ya kila siku 7. Napoleon akairudisha kalenda ya zamani kuanzia tarehe 1 Januari 1806.

Wasovieti walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1929 walianzisha wiki ya siku 5, wafanyakazi wakagawanywa makundi matano, kila kundi na siku yake ya kupumzika. Siku yoyote ile, wanne kati ya watano wako kazini na mashine hazizimwi. Kwenye karatasi mpango ulipendeza. Ila mume alipumzika leo, mke keshokutwa, watoto siku nyingine. Mashine zikakosa muda wa matengenezo. Na kwa kuwa kila mashine ilipita mikononi mwa wengi, ikiharibika hakuna wa kuulizwa. Mwaka 1931 ikaja wiki ya siku 6 yenye pumziko la pamoja, na mwaka 1940 siku saba zikarudi, Jumapili ikiwemo. Itikadi inaweza kupanga ratiba ya kiwanda. Kupanga lini ndugu watakutana ni kazi nyingine.

Takwimu nazo zina upande. Pato la taifa halihesabu chakula unachowapikia wanao, ila cha mpishi wa kulipwa kinahesabiwa. Mchumi Simon Kuznets, aliyeongoza makadirio ya awali ya pato hilo Marekani, alilionya Bunge la nchi hiyo mwaka 1934 kwamba ustawi wa taifa ni vigumu kuujua kwa kipimo hicho. Onyo halikusikilizwa sana.

Sasa namna ya kuikamata itikadi ukisoma habari. Anza na kitenzi: nani ametenda? “Wafanyakazi 200 wapoteza ajira” na “Kampuni yafukuza wafanyakazi 200” yaweza kuwa tukio lilelile, lakini katika kichwa cha kwanza ajira imepotea kama funguo. Kisha tafuta kilichoachwa bila kuelezwa, kwa sababu mwandishi haelezi anachodhani kila mtu anakubali. Mwisho badilisha wahusika: weka kundi unalolipenda mahali pa lile unalolichukia, usome upya. Hukumu yako ikigeuka ilhali ushahidi ni uleule, umeiona itikadi, na ni yako.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa. Wengi wakishajifunza kutafuta itikadi huiona kwa wapinzani tu, au huanza kutupa kila hoja kwa kusema “hiyo ni itikadi tu”. Kosa lenyewe liko hapa: kujua dai limetoka kwa nani hakukuambii kama ni la kweli. Mwenye kiwanda anaweza kusema mshahara ukipanda atapunguza watu, kwa faida yake mwenyewe, na bado akawa sahihi, au asiwe. Hilo linaamuliwa na vitabu vyake vya hesabu.