Siku moja maishani mwangu: nesi wa watoto waliozaliwa na mdomo uliopasuka, Nairobi

Saa 10:30 alfajiri niko macho na kitu ya kwanza si chai, ni simu kwa wodi. Nauliza mama wa Kitui ameamka akanyonyesha? Maziwa ya mama mwisho ni saa 4 kabla ya dawa ya usingizi, na mtoto wake anaingia thieta saa 2 asubuhi, kwa hivyo saa 10 ndio ilikuwa ya mwisho. Nesi wa usiku ananiambia amenyonya vizuri, na mama hajalala tangu saa 8 akiogopa kupitiwa na usingizi. Huyo mama jameni.

Saa 11:15 niko kwa matatu Githurai. Ukichelewa dakika 20 tu trafiki ya Muthaiga inakumaliza.

Saa 12:30 wodini, mizani. Hapa ndio siku yangu huamuliwa. Sisi bado tunafuata ile kanuni ya zamani ya kumi tatu kabla mtoto ashonwe mdomo: awe na wiki 10, hemoglobini ya damu gramu 10 kwa desilita, na uzito ratili 10 yaani kama kilo 4.5. Mtoto wa Kitui ana miezi 4, kilo 5.6, amepasuka mdomo peke yake, kaakaa iko sawa ndio maana ananyonya. Wa pili ametoka Kayole, miezi 3, mdomo na kaakaa zote zimepasuka, kwa kadi kameandikwa 4.7. Nikamvua kila kitu nikampima, 4.1. Kumbe alipimwa na sweta na shuka! Nikarudia mara 2, 4.1. Daktari wa usingizi akaangalia, akaangalia na damu, akasema leo hapana, na ni mimi wa kumwambia mama.

Alilia. Akaniambia Sista, nyumbani nimeshawaambia narudi na mtoto mzima, mama mkwe anasema upande wao hakujawahi kuwa na mtoto wa hivi. Nikakaa chini na yeye, wodi ingoje. Nikamwambia mdomo wa mtoto hufungana wiki ya 4 hadi ya 7 ya mimba, kaakaa inafuata, wengi wakati huo hata hawajajua wana mimba, pande mbili zikikosa kukutana ndio inabaki hivyo. Duniani ni karibu mtoto 1 kwa kila 700. Hujalaaniwa, hukukosea mtu. Alikuwa anatikisa kichwa tu lakini nadhani alisikia.

Saa 2 nambeba wa Kitui hadi thieta, mama yake anabaki mlangoni ameshika leso. Mimi si wa thieta lakini wakiniruhusu huwa nabaki kidogo. Daktari anachukua muda mrefu kupima na kuweka vidoti vya wino wa bluu kuliko vile mtu angefikiria, kwa sababu ule mstari mahali ngozi inakutana na wekundu wa mdomo ukikosea hata milimita 1 utaonekana maisha yote. Njia anayotumia ni ile ya Ralph Millard wa Marekani, ya miaka ya 1950: upande mmoja unakatwa ukazungushwa chini, mwingine unavutwa kuja kujaza. Watu hudhani ni kushona ngozi. Kazi kubwa iko chini, msuli wa mdomo umeshikilia mahali sipo, lazima utolewe huko uunganishwe na mwenzake, la sivyo mtoto akicheka mdomo unavutika vibaya.

Saa 5 kliniki. Hapa kuna mmoja ameniumiza roho. Ana miaka 4, mdomo ulishonwa zamani lakini kwa upasuaji wa kaakaa hawakurudi, nauli, kazi, ikawa hivyo, na kaakaa inafaa kufungwa kabla ya mwaka mmoja na nusu, kabla maneno hayajaanza kutoka kwa pua. Sasa b na p zinahitaji hewa ibanwe mdomoni, na yeye hewa yote inapandia puani, kwa hivyo akisema baba inatoka mama. Baba yake akaniambia polepole, Sista, hajawahi kuniita. Anajaribu kila siku, inatoka mama. Tumemweka kwa listi ya upasuaji, masikio yapimwe pia maana hawa hujaa maji ndani ya sikio, halafu mazoezi ya matamshi kwa muda mrefu. Upasuaji ni bure kupitia ufadhili wa shirika la Smile Train lakini nauli ya kurudi kliniki ndio huangusha wengi. Nikawaandikia tarehe kwa kalamu nyekundu.

Saa 8 wa Kitui ameamka na ananyonya tayari. Mama yake anamwangalia anasema nilikuwa nimeshazoea kale kacheko kake. Wengi husema hivyo, na siwaambii wafurahi haraka.

Saa 9 niko na mama wa Kayole na kikombe. Alikuwa anamlaza mtoto na chupa, maziwa yanatokea puani, na ya kopo alikuwa anaongeza maji ndio yafike mwisho wa wiki. Sikumgombeza. Tukaanza upya: kamua yako, mkalishe wima kabisa, kikombe kiguse mdomo wa chini, usimwage ndani, mwache avute mwenyewe, mcheulishe kila baada ya muda kwa sababu anameza hewa nyingi. Mililita 75 kila baada ya saa 3. Mara ya kwanza tulitumia dakika 50 akanywa 40, nguo zetu zote maziwa. Jumatatu anarudi kwa mizani, bila sweta.

Saa 1:30 usiku niko kwa matatu tena, Roysambu, simu inaingia meseji. Sista amemaliza 60, zimetoka puani kidogo tu.

Nikamjibu amwinue zaidi.