Maji Baridi Kwanza

Jana binti wa dada yangu ametoka bafuni ameikunja nguo yake ya ndani kiganjani, akaniuliza: "Mama mdogo, hapa nilie au nifurahi?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia aloweke kwa maji baridi.

Mimi nilivunja ungo Kisarawe, kwa bibi. Nilidhani nimeumia, nikajificha stoo hadi adhuhuri. Kwetu Wazaramo mafunzo ya mwali huja baada ya damu, si kabla. Kwa hiyo wa kwanza kumfikia msichana ni hofu. Somo, yule mwanamke wa kumfunda, anamkuta ameshatishika.

Bibi alipojua hakusema neno. Alichukua kanga iliyochakaa, akaung'ata upindo kwa meno, akaichana: kraaa! Akakata kipande, akakikunja kwa urefu mara tatu mpaka kikawa kinene katikati. Akanifunga ukanda kiunoni, akakipitisha kitambaa katikati ya mapaja, ncha akazipenyeza mbele na nyuma. "Pamba tu," akasema. Nailoni hainyonyi, inateleza na kuchubua. Nibadilishe asubuhi, mchana, jioni na kabla ya kulala. Nifue kwa maji baridi kwanza, kisha sabuni. Maji ya moto hugandisha damu na doa halitoki tena.

Ndipo shangazi zangu wakapiga vigelegele, na kabla havijaisha mmoja akaninong'oneza: "Usianike pakaonekana. Hata baba yako asijue. Na wavulana sasa basi." Basi nini, hakusema.

Nilianika chini ya godoro. Vitambaa vilibaki na unyevu, nikawashwa wiki nzima, nikaamini ndivyo utu uzima ulivyo. Kumbe kilichokosekana ni jua.

Usiku bibi alinihadithia alivyofungwa ndani, siku hizo mwali akipewa mwanahiti, kile kisanamu cha mti chenye nywele, akiogeshe na kukipaka mafuta kama mtoto. Nikamuuliza kama aliogopa. "Niliogopa kutoka," akasema.

Binti yetu ana pedi, na shuleni walishamfundisha. Hata hivyo ameuliza. Leo nimeianika nguo yake uani, juani, katikati ya mashati ya baba yake. Dada yangu ameiona, akaisogeza nyuma ya shuka. Sikuirudisha.