Siku moja maishani mwangu: vyumba viwili vya nguruwe

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Kazi yangu huanza kwa kuvua kila nilichovaa. Kati ya mlango wa jengo la kutengea wanyama wa majaribio na nguruwe wenyewe kuna bafu ambalo hakuna anayelipita bila kuoga, na upande wa pili ninakuta ovaroli, mabuti na glavu ambazo hazitoki humo ndani kamwe. Kirusi tunachokichunguza ni cha ugonjwa wa Aujeszky, ambao Aladár Aujeszky aliueleza huko Hungaria mwaka 1902. Binadamu kwa kawaida hapatwi na ugonjwa huo, lakini ng'ombe, kondoo, mbwa na paka wakiambukizwa hufa, na vitoto vya nguruwe vya siku chache hufa kwa wingi baada ya kutetemeka na kupooza. Kwa hiyo hakuna kinachotoka katika jengo hili bila kuoshwa, kuchemshwa au kuchomwa.

Saa kumi na mbili

Ninaanza na chumba cha nguruwe waliochanjwa. Kila chumba kina hewa yake inayochujwa, na sitoki kimoja kuingia kingine bila kuoga tena, kwa kuwa virusi vichache vikibebwa kwa buti kutoka kwa wasiochanjwa tungehesabu ambukizo ambalo nguruwe hawakuambukizana wao kwa wao, na jaribio zima lingepoteza maana yake.

Katika kila chumba wamo nguruwe kumi wa umri mmoja. Tuliwaondoa watano kwa muda, tukawadondoshea virusi wale watano waliobaki kupitia puani, kisha tukawarudisha wenzao waishi nao, wale nao na kulala nao. Hao waliorudishwa tunawaita majirani. Katika chumba hiki wote kumi walichanjwa mara mbili wiki kadhaa kabla, na katika kile kingine hakuna hata mmoja aliyechanjwa. Swali letu linawahusu majirani: ni wangapi watakaoambukizwa?

Wengi wakisikia habari za jaribio la chanjo hudhani kwamba tunatazama kama aliyechanjwa ameugua. Hilo tunaliandika, lakini halijibu swali. Nguruwe anaweza kuonekana mzima kabisa, akala na kunenepa, huku makamasi yake yana virusi vya kutosha kumwambukiza anayelala ubavuni mwake. Mimi nahofia zaidi chanjo inayozuia homa bila kuzuia uenezaji kuliko chanjo dhaifu ambayo udhaifu wake unaonekana, kwa sababu ile ya kwanza inamwondolea mfugaji dalili ambazo zingemwonya.

Saa moja na nusu

Chumba cha wasiochanjwa kinasikika kabla ya kufunguliwa, kwa chafya na kikohozi. Joto la kawaida la nguruwe ni karibu nyuzi 39. Asubuhi hii waliodondoshewa virusi wamepita 41, na chakula cha jana bado kimo horini. Majirani wawili wameanza kupanda joto. Ninakaa humu muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa vipimo, nikimkagua kila mmoja mwendo wake, macho yake na jinsi anavyopumua, kwa kuwa tumeandika mapema dalili ambazo zikitokea mnyama hasubirishwi hata saa moja: anapewa kifo kisicho na maumivu. Wanyama hawa hawakuchagua kuwa hapa, na deni letu kwao ni kuwahurumia na kuhakikisha kwamba jaribio limepangwa vizuri kiasi cha kutohitaji kurudiwa kwa uzembe.

Saa tatu

Tunachukua sampuli: kijiti chenye pamba katika kila pua, na damu kwa siku zilizopangwa.

Saa tano hadi saa saba

Maabarani, kipimo cha PCR, kinachotafuta chembe za urithi za kirusi, kinaonyesha tofauti ambayo jicho halikuiona. Waliochanjwa waliodondoshewa virusi wanavitoa pia, ila kwa kiasi kidogo sana, na baadhi yao wameshaacha. Hapo ndipo chanjo inapofanya kazi yake ya pande mbili. Aliyechanjwa anahitaji dozi kubwa zaidi ya virusi ili aambukizwe, na akiambukizwa anatoa virusi vichache kwa siku chache. Pande hizo mbili zikikutana katika zizi ambalo wote wamechanjwa, anayetoa kidogo anakutana na anayehitaji kingi, na mnyororo unakatika.

Sampuli moja ya jirani aliyechanjwa imeonyesha virusi hafifu, na kijana anayejifunza kazi kwetu ameuliza, "Daktari, huyu tumhesabu kuwa ameambukizwa?" Nimemjibu kwamba bado. Nguruwe huishi kwa kunusa. Pua iliyogusa makamasi ya mwenzake inaweza kuwa na virusi vya mwenzake bila virusi hivyo kuingia mwilini na kuzaliana. Jibu tutalipata katika damu. Chanjo tuliyotumia imetengenezwa kwa kirusi kilichoondolewa protini iitwayo gE, hivyo aliyechanjwa tu hana kingamwili (protini za kinga ambazo mwili hutengeneza) dhidi ya gE, ilhali aliyeambukizwa na kirusi halisi atazipata hata kama alikuwa amechanjwa. Kwa waliochanjwa kingamwili hizo zinaweza kuchelewa, na ndiyo maana tutaendelea kupima kwa wiki kadhaa hata baada ya chafya kwisha.

Saa nane

Mjadala wa hesabu, ambao kwangu ndio sehemu nzito ya siku. Tunachotafuta ni R, yaani wastani wa nguruwe ambao mgonjwa mmoja anawaambukiza. Ikiwa juu ya 1, mlipuko mkubwa unawezekana. Ikiwa chini ya 1, maambukizi yatafifia, ingawa mmoja au wawili bado wanaweza kuambukizwa njiani. Majaribio ya namna hii ya kirusi hikihiki yaliyofanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 1994 yalikadiria R kuwa takriban 10 kwa wasiochanjwa na 0.5 kwa waliochanjwa.

Kijana wetu alitaka kuwachukua majirani watano kama ushahidi mara tano. Nimempinga kwa upole. Majirani hao wanavuta hewa moja, na wa kwanza kuambukizwa naye anakuwa chanzo kwa wengine, kwa hiyo mambo yao hayaendi kila mmoja kivyake. Kinachohesabiwa ni chumba. Isitoshe, wote watano wa chumba kimoja wakiambukizwa, tutajua tu kwamba R ni kubwa, bila kujua ukubwa wake, hadi tuangalie pia waliambukizwa kwa kasi gani. Na katika chumba kingine asipoambukizwa hata mmoja, huenda ni bahati tu. Tutarudia kwa makundi mengine.

Saa kumi

Mfugaji mmoja amepiga simu. "Daktari, nguruwe wangu wote wamechanjwa. Mbona kipimo kinasema virusi vimo?" Nimemuuliza aliwachanja wakiwa na umri gani, na kumbe vitoto vyake huchanjwa vikiwa bado na kingamwili za mama, vilizozipata katika dang'a, yaani maziwa ya kwanza; kingamwili hizo huizuia chanjo isishike vizuri. Kisha nimemweleza kuhusu majike wake wakubwa. Kirusi hiki hujificha katika neva za kichwa na kubaki humo maisha yote, na wanyama wakisumbuliwa na uzazi, safari au kuchanganywa na wageni kinaweza kuamka na kutolewa upya. Chanjo hupunguza utoaji huo, lakini haikifukuzi kirusi kilichokwisha kujificha. Nimemshauri awapime majike wote kwa kipimo cha gE, awaondoe wenye kingamwili hizo hatua kwa hatua, na asiache kuchanja hata kidogo wakati kazi hiyo ikiendelea. Kwa kuunganisha chanjo, kupima na kuondoa, Ujerumani iliutokomeza ugonjwa huu katika nguruwe wa kufugwa mwaka 2003, na Marekani ikafuata kwa mashamba yake ya kibiashara mwaka 2004.

Alinyamaza kidogo, akauliza ikiwa majike ambao hawajawahi kukohoa nao wapimwe. Nikamwambia ndiyo, na hao hasa.

Saa kumi na mbili jioni

Mzunguko wa pili wa joto. Jirani wa tatu katika chumba cha wasiochanjwa amefika nyuzi 40.6, na saa imeandikwa, kwa kuwa hesabu ya kasi inaihitaji. Katika chumba cha waliochanjwa hakuna homa. Yule jirani mwenye virusi hafifu nimemwekea alama ya rangi mgongoni, apimwe pua kila asubuhi. Akiendelea kuwa na virusi puani siku tatu mfululizo, na kiasi kikawa kinaongezeka, tutamhesabu kwa muda kuwa ameambukizwa hadi kipimo cha gE kithibitishe.