Igandu 2002: maneno ya watu wa Tabora yalivyogeuka

Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ya Reli ya Kati ilipanda mlima wa Igandu, Dodoma, breki zikashindwa kuishika, ikarudi kinyumenyume hadi ikagonga treni ya mizigo. Walifariki watu 281. Kwa mji kama Tabora, ambako njia ya Kigoma na ya Mwanza hugawanyika, haukuwa msiba wa mbali.

Mwanzoni vijiweni waliuliza nani alaumiwe, wakamtaja dereva. Jibu jepesi mno. Treni haisimamishwi na kichwa, yaani injini inayoivuta, peke yake. Bomba la breki hutoka kwenye kichwa hadi behewa la mwisho, likiunganishwa kwa mipira yenye koki za kufungua na kufunga hewa. Koki moja ikiwa imefungwa, mabehewa yote yaliyo nyuma yake hayapati breki ya dereva. Ndiyo maana kabla ya safari breki hujaribiwa na kuhakikiwa hadi mkiani. Tena treni ikikaa muda mrefu mlimani, breki za bomba hulegea polepole; hapo zinatakiwa breki za mkono, zikazwe behewa moja moja, na kabari chini ya magurudumu. Kukaza mbili tatu hakutoshi kwa treni yenye abiria zaidi ya 1,000.

Mwaka 2007 ikaja TRL, kampuni mpya ya kuendesha reli, kampuni ya RITES ya India ikiwa na hisa asilimia 51. Lawama zikahamia kwenye ratiba na mishahara ya wafanyakazi, na waliokuwa wakiilaani TRC, shirika la reli la serikali lililotangulia, wakaanza kuitamani. Sishangai: aliyelala stesheni akingoja treni hana nafasi ya kuwaza koki.

Lami ya kupitia Itigi ilipokamilika, Tabora ikapata mabasi ya uhakika, na kuiogopa treni kukawa hakuna gharama. Kigoma hawakuwa na anasa hiyo. Mwenye madumu ya mawese ya lita 20 na magunia ya dagaa huanza na nauli ya mzigo, usalama baadaye.

Juni 2022 treni iliyotoka Kigoma ikapata ajali Malolo, hapa hapa Tabora, wakafariki watu 4. Safari hii mabishano yalikuwa ya reli na mataruma yanayoishikilia. Igandu waliitaja wazee. Aliyezaliwa mwaka ule alikuwa na miaka 20, na wengi wa rika lake ukiwauliza Igandu ni wapi watakuuliza wewe.