Simamisha Kwanza

Mashine ya kushona inaniachia sikio moja tu, na hilo lingine ni la wateja. Kwa hiyo vitabu vya historia navisikilizia upande wa kushoto. Kazi ikiwa ya pasi au ya vifungo, nachomoa waya na kuiacha simu iseme juu ya meza, kila anayepita barazani asikie. Vingi ninavyovipata ni vya Kifaransa, vichache vya Kiingereza. Navipakua usiku, mega zikiwa nafuu.

Watu husifu msomaji mwenye sauti nzito ya kitangazaji. Mimi sauti hiyo hunitia shaka. Haisiti, haikohoi, na inataja tarehe ya mkataba kwa uhakika uleule inaoutumia kukisia Tshombe, aliyelitenga jimbo la Katanga na Kongo, alikuwa akiwaza nini usiku fulani. Kwenye karatasi ningeona kinambari kidogo juu ya mstari, nikafungua kurasa za nyuma nione mwandishi kayatoa wapi maneno yake. Masikioni kinambari hicho hakipo, na historia ya siasa bila ushahidi wake ni maneno ya mtu tu.

Chukua kifo cha Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliyepigwa risasi usiku wa tarehe 17 Januari 1961 huku kwetu, nje ya Lubumbashi, porini upande wa Shilatembo. Miongo ilipita huku Ubelgiji ikisema hayo yalikuwa mambo ya Wakongo wenyewe kwa wenyewe. Ludo De Witte alipotoa kitabu chake mwaka 1999, kilichoibana Brussels hakikuwa ufundi wa kusimulia. Zilikuwa telegramu na nyaraka za serikali alizozifukua, nani kamwandikia nani, siku gani. Bunge lao likaunda tume, na mwaka 2001 tume ikasema kwamba baadhi ya mawaziri wa Ubelgiji walibeba dhamana ya kimaadili. Sasa jaribu kufuata telegramu za namna hiyo kwa sikio, huku unapindisha suruali ya mtu anayeihitaji jioni. Majina yanapishana, tarehe zinapishana, na mwisho wake unabaki na hasira bila hoja.

Picha nazo hupotea. Baba mmoja wa Kongo, Nsala, amekaa barazani mwaka 1904, anatazama mkono na mguu wa binti yake, vilivyokatwa na walinzi wa kampuni ya mpira enzi za mfalme Leopold wa Ubelgiji. Picha ile aliipiga Alice Seeley Harris, mke wa mmisionari, na ilizungushwa Ulaya hadi watu wakashindwa kukanusha. Msomaji aielezee kwa ustadi gani? Nikifika mahali kama hapo huzima, nikaitafuta picha yenyewe kwenye simu, kisha ndipo naendelea.

Kuhusu wanasiasa wanaojisomea vitabu vyao wenyewe sina mengi. Obama alipata tuzo ya Grammy mwaka 2006 kwa kusoma chake cha kwanza, na kweli anasoma vizuri, tena vizuri mno kwa mtu anayejitetea. Wa namna hiyo nawaongezea kasi.

Niliyemkusudia hasa leo ni jirani yangu. Mzee huyu alikulia mtaa wa Kamalondo, hapa hapa mjini, na siku hizi huleta kiti chake barazani kwangu kwa sababu pana kivuli. Wiki hii simu ilikuwa mezani, kitabu kimefika Septemba 1961, Umoja wa Mataifa na askari wa Katanga wanapigania posta katikati ya mji. Msomaji akasema kwamba Katanga ilikuwa na ndege moja ya kivita aina ya Fouga iliyoshambulia vikosi vya Umoja wa Mataifa, akapita, akahamia habari za Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja huo, na safari yake ya Ndola.

"Simamisha kwanza, mama."

Nikasimamisha.

"Huyu muntu alikuwa huku?"

"Hapana, papa. Anasoma tu."

"Basi ngoja." Akafumba macho, akatoa mlio kupitia meno, mwembamba, ukapanda, ukakatika ghafla. Akasema walikuwa wakiusikia mlio huo ndege ikiwa imeshapita, na mama yake alikuwa akiwaingiza watoto wote chini ya kitanda kimoja. Aliyekuwa wa mwisho kuingia alibaki na miguu nje, na hilo ndilo lililomchekesha, miguu ya kaka yake. Halafu akauliza kwa nini kitabu kimetaja askari wa Ireland waliozingirwa Jadotville, Likasi ya leo, hadi chakula chao na maji yao, lakini hakikusema watu wa Kamalondo walikunywa nini zile siku. Sikuwa na jibu. Tulipoendelea alikisimamisha tena, na tena, na sura ya dakika arobaini ikatumaliza mchana mzima. Tangu siku hiyo sura zinazohusu mji huu nazihifadhi hadi aje.

Ndipo nikakumbuka kwamba kitabu kinachofaa kusikilizwa Lubumbashi kuliko vyote, kwa sauti hakipo, walau mimi sijakiona. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, kwa niaba ya wale waliofanya kazi za nyumbani kwa wazungu, maboi na wapishi, kwa Kiswahili cha huku huku. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri mwaka 1990. Maneno yameungana mahali pasipotarajiwa, nukta zimekwenda zinakotaka, na ukisoma kwa macho unachoka kabla ya ukurasa wa pili. Fabian mwenyewe ilimbidi asomewe kwa sauti na Kalundi Mango, mtu wa huku, ndipo maana ikafunguka. Maandishi ya hivyo yanadai mdomo. Yav anaueleza mji kutokea jikoni, ambako bwana na madamu waliongea kana kwamba hakuna anayesikia.

Maandishi yapo kwenye intaneti. Nimechapisha kurasa kadhaa kwenye sekretaria ya jirani, nikampa mzee pamoja na miwani yangu, nikaweka simu irekodi. Alisoma nusu ukurasa kama anaongea na shemeji yake, bila kujikwaa mahali nilipojikwaa mimi. Halafu akaweka karatasi chini na kuanza kubishana na Yav.

Nikamwambia, "Papa, soma kwanza hadi mwisho, ubishi utakuja nyuma."

"Atasubiri," akasema. "Yeye amekufa, mimi niko hapa."

Kwa hiyo rekodi niliyo nayo ni dakika sita za Yav na dakika kumi na tisa za mzee. Kijana wangu wa kazi anasema tuzikate. Mimi naona tuziache zote mbili, ila pasi tuiondoe, inasikika mno.