Kanyagio la simu, Tanga: wiki ya 4

Tunajenga makanyagio ya kuendeshea simu kwa mguu. Uamuzi wa wiki hii: kanyagio peke yake lisitume chochote. Mguu uchague maana, kidole kitekeleze. Toleo la kwanza, ambalo kila mkanyago uligeuza ukurasa, tumeliacha. Mguu hupumzika, na ukipumzika juu ya kanyagio simu huona kitufe kimeshikiliwa. Android hurudia kitufe kinachoshikiliwa, basi kurasa hukimbia mpaka unyanyue unyayo.

Sasa kitufe kidogo kimegandishwa mgongoni mwa kava la simu, pale kidole cha shahada kinapotua chenyewe. Gumba linabaki huru kugusa skrini. Shahada peke yake: ukurasa mbele. Kanyagio la kushoto likiwa chini: nyuma. La kulia: kuongeza sauti, ambako kwenye programu nyingi za kamera ndiko kunakopiga picha. Nyaya zote zinaingia kwenye bodi ya ESP32, kompyuta ndogo yenye Bluetooth, nayo inajitambulisha kwa simu kama kibodi ya Bluetooth.

Kilichotula siku mbili ni pini, yaani vituo vya bodi vinavyopokea nyaya. Swichi za miguu zilikuwa kwenye pini 34 na 35, na makanyagio yakawa yanajibonyeza yenyewe, hasa mtu akisogeza mkono karibu na nyaya. Pini 34 hadi 39 za bodi hii hazina kipingamizi cha ndani cha kuvuta juu, kile kinachoishikilia pini kwenye volti 3.3 swichi ikiwa wazi, hata ukikiandika kwenye programu. Pini inabaki inaelea na kuokota kelele za umeme. Ama funga kipingamizi cha kilo-omu 10 kutoka pini hadi volti 3.3, ama hamisha. Tulihamishia 32 na 33, upande wa pili wa swichi ukaenda graundi. Kimya tangu hapo.

Mguu ni mzito kuliko kidole. Ukikusudia kubonyeza vyote pamoja, shahada hutangulia, na amri inatoka isiyo sahihi. Kwa hiyo programu ikiona shahada, inangoja milisekunde 80 ndipo inasoma miguu. Swichi ikibonyezwa hugusa na kuachia mara kadhaa; mitetemo hiyo inachujwa kwa milisekunde 30.

Umbo: plaiwudi ya milimita 12, bawaba upande wa kisigino, springi chini ya vidole. Kipimo chetu cha springi ni pakiti ya sukari ya kilo 1: ikiwekwa juu, swichi isilie. Chini tumebandika vipande vya tyubu ya baiskeli, maana kwenye vigae ubao huteleza.

Hewa ya chumvi hapa Tanga haisamehe shaba iliyo wazi. Maungio mawili yameshaota kutu ya kijani. Yamesuguliwa, yamelehemiwa upya, yakapakwa rangi ya kucha.

Jambo moja kwa atakayejenga: kibodi ya skrini hutoweka simu ikishaunganishwa. Ingia mipangilio ya kibodi ya nje, uwashe kuonyesha kibodi ya skrini.

Kilichobaki ni waya wa mita 1.5 kutoka kwenye kava. Unakatikia shingoni mwa kitufe. Kesho tunaufungia kwa uzi wa katani.